Mgeni wa Saa Saba na Chupa za Rangi

Kabla hujasema mama huyu uzee umemkaa vibaya, nisikilize kwanza. Haikuwa usiku, sikuwa na homa, wala sikuota. Ilikuwa saa saba mchana, hapa hapa Bagamoyo, jua liko utosini na wali wa nazi uko jikoni. Niliyemwona nilimwona kwa macho yangu haya, na mpaka leo namwona.

Nianze na binti yangu Rukia, maana yeye ndiye chanzo. Rukia anaishi Tegeta, ghorofani. Siku moja alikuja akakuta sufuria zangu zimeungua mpaka zimetoboka, na bomba la uani linamwaga maji, nimelisahau tangu asubuhi. Hakunigombeza. Alinitazama tu, na macho yale yaliniuma kuliko maneno. Akaniwekea kwenye simu mchezo wa kunoa akili. Kuna chupa zimejaa maji ya rangi zilizochanganyika, nawe unamimina kutoka hii kwenda ile mpaka kila chupa ibaki na rangi moja. Ukimaliza hatua, inakuja nyingine ngumu zaidi.

"Cheza kila siku, mama," akasema. "Nitakuja kutazama umefika wapi. Nikija Idi nikakuta unasonga mbele, utabaki kwako. Nikikuta umekwama, tunafunga nyumba, unakuja kukaa na mimi."

Unajua maana yake? Nyumba hii niliingia bi harusi. Humu nimezaa, humu nimekaa eda ya baba yake Rukia. Leo nikakae ghorofani, jirani hata jina langu hajui? Nikacheza kwa bidii zote. Nilikwenda vizuri, kisha nikakwama kwenye hatua moja ya chupa tele, wiki nzima sitoki, na Idi hiyo inakuja.

Basi Alhamisi moja nimeupalia wali makaa, nimekaa mkekani ukumbini, mlango wazi. Nikasikia, "Hodi." Mimi kichwa kimo ndani ya simu. Nikasema nini? Kile kile ambacho ungesema wewe. "Karibu, pita." Sikuinua hata kope.

Akaja akakaa ubavuni kwangu. Alinukia udi, na chini ya ule udi kulikuwa na ubaridi wa maji ya kisima. Nilipomtupia jicho nikaona mwanamke wa makamo, mdogo kwangu kabisa, kanga zake safi. Nikangoja shikamoo yangu. Haikuja. Akasema, "Salaam aleikum, mwanangu." Mwanangu, mimi! Nikaitikia huku nimenuna, nikamuuliza anatoka wapi.

"Kaole," akasema. "Karibu na yale magofu."

Kaole mpaka kwangu kwa mguu, jua lile, na miguu yake haina vumbi. Hilo niliona. Lakini nilikuwa na chupa zangu.

Akainama begani kwangu. "Hiyo njano iondoe kwanza," akasema, akanyoosha kidole akaigusa. Haikusogea. Akagusa tena. "Mbona hainisikii?"

"Labda una vidole vya majimaji," nikamwambia. "Wewe elekeza, nitamimina mimi."

Niamini, mwanamke yule ana akili. Hatua iliyonitesa wiki nzima tuliipita palepale, na nyingine, na nyingine tena. Likatokea tangazo la kijana anayekata kiuno akiuza sabuni, akaniuliza huyo ni mtoto wa nani. Nilicheka mpaka machozi. Kisha akasema, macho yake yakiwa kwenye simu vilevile, "Wali wako unaanza kuungua." Nikakimbia jikoni, na kweli. Nikauwahi.

Niliporudi akasema, "Naomba ruhusa niende."

"Mbona mapema? Hata maji hujanywa. Kaa."

Akakaa. Baada ya kitambo akaomba tena, nikamwambia haiwezekani, wali unapakuliwa sasa hivi. Akakaa, lakini sasa alikuwa anautazama mlango.

Ndipo simu ikazimika mwanga. Umewahi kuitazama simu ikiwa imezima? Inakuwa kioo cheusi. Nikajiona mimi na ushungi wangu uliokaa upande. Nikaiona saa ya ukutani nyuma yangu. Lakini begani, pale nilipokuwa nausikia ubaridi wa pumzi yake, hapakuwa na mtu.

Nikafungua kinywa nisome dua. Ayatul Kursi niliyoijua tangu utoto ikanipotea. Na unajua nilichokiogopa zaidi? Si jini. Niliogopa kwamba Rukia ana haki, kwamba akili yangu ndiyo imeondoka, na huyu hapa ni dalili yake. Nilitaka kulia.

"Usiogope," akasema kwa upole. "Mwenye taabu ni mimi. Nimeomba ruhusa, umeninyima. Sisi tukishakaribishwa hatuwezi kutoka mpaka mwenye nyumba aruhusu. Na mume wangu ana wivu. Akinifuata, yeye hapigi hodi."

Sijawahi kutoa ruhusa haraka namna ile. "Ruhusa, bibi, ruhusa kubwa, nenda salama, wasalimie nyumbani." Akasimama, akashukuru. Na mimi, kwa ulimi huu niliolelewa nao, nikamalizia kama ninavyommalizia kila mgeni, "Karibu tena." Akageuka pale mlangoni akatabasamu, na hapo ndipo nilipojua nimefanya nini.

Alhamisi iliyofuata, saa saba, hodi. Na ile nyingine. Sikufichi, nilimzoea. Nilipomuuliza umri wake akaniambia yeye alikuwa msichana wakati msikiti wa Kaole ungali na paa. Tangu hapo shikamoo natoa mimi, naye huitikia marahaba bila haya yoyote. Lakini sikumwambia mtu. Ningeanzaje? Rukia angekuja na gari siku hiyo hiyo. Na kila mgeni wangu alipoondoka nilibaki najiuliza, yupo kweli, au ni kichwa changu?

Idi ikafika, na Rukia akafika na begi tupu la kutilia nguo zangu. Siku ya pili yake ilikuwa Alhamisi. Akachukua simu yangu, akatazama nilipofika, akanigeukia.

"Mama, umecheza mwenyewe?"

"Kidole ni changu," nikamjibu.

Akatoa simu yake akaanza kumimina chupa zake, maana na yeye amekwama hukohuko nyuma. Saa saba ikagonga. "Hodi."

Nilifunga mdomo makusudi. Na Rukia, kichwa ndani ya simu, akasema, "Karibu, pita."

Sijui nikueleze vipi furaha ile. Alisikia. Akili yangu ilikuwa nzima siku zote. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo.

Niliporudi niliwakuta mkekani, mmoja anaelekeza, mwingine anamimina, wanacheka. Nikamwamkia mgeni. Rukia akaninong'oneza, "Mama, mbona unamwamkia mtu mdogo kwako?" Nikamwambia, "Ana ukubwa wake." Mgeni akamwambia Rukia pilau inashika chini, Rukia akaenda kuiepua. Rukia aliporudi, mgeni akaomba ruhusa. Na Rukia, niliyemlea mwenyewe, akaanza, "Mbona map..." Nikamfinya paja. "Ruhusa," nikasema mimi.

Jioni Rukia alilikunja begi lake tupu. "Kaa hapa hapa, mama. Una jirani mzuri, anakuangalia. Nimemwambia siku moja aje kwangu Tegeta."

Wali wangu hauungui tena. Lakini Alhamisi iliyopita saa saba ilipita bila hodi, kisha Rukia akanipigia kwa furaha. "Mama, rafiki yako kaja. Ngazi zote hizi, hata hatweti. Ameomba ruhusa, nimemkatalia mpaka ale."

"Mruhusu sasa hivi," nikamwambia, kwa sauti ambayo hajaisikia tangu utoto wake. Akamruhusu. Nikashusha pumzi. Halafu nikamsikia mwanangu, kulekule kwenye simu, akimalizia kwa adabu zote nilizomfunza: "Karibu tena."

Kwa hiyo na wewe unayemimina rangi zako hapo ulipo, ukisikia hodi, inua kichwa kwanza. Na kama ulimi umekutangulia, akiomba ruhusa mpe. Mume wake bado sijamwona, na yeye, nimeshakwambia, hapigi hodi.