Karata za Kaka Mkubwa

Kama hujawahi kuishi na mwandishi wa programu za kompyuta, mshukuru Mungu wako. Mtu anarudi jioni, anavua viatu, anajitupa kwenye kochi. Unamwuliza kama chumvi ipo au imeisha, anakukodolea macho utadhani umemsemesha kwa lugha ya ndege. Mwili umefika, kichwa bado kiko kazini, kinazungusha kitu kile kile. Mume wa Nukta alishazoea. Alikuwa akiwaambia watoto, "Mwacheni kwanza mama yenu, hajafika."

Nukta si jina alilopewa na wazazi. Lilimpata kazini, mwaka wake wa kwanza, katika kampuni ndogo iliyotengeneza programu za hospitali. Siku hiyo wauguzi wa wodi ya wazazi walipiga simu wakicheka hata maneno hayatoki: kompyuta imeandika kwamba mtoto mchanga ana kilo thelathini na mbili! Ofisi nzima ilikaa inajikuna kichwa tangu asubuhi. Aliyegundua kwamba ile nukta ya kati ya tatu na mbili inamezwa njiani, kabla ya kufika kwenye karatasi, ni yule binti mgeni ambaye hata kiti cha maana alikuwa hajapewa. Basi akawa Nukta, na hata mumewe humwita hivyo akitaka kumchokoza.

Aliyembandika jina hilo ni Kaka Mkubwa. Huyo ndiye aliyekuwa mkongwe wao, mtu wa tumbo la heshima na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Alianza kazi hiyo wakati kompyuta moja inajaza chumba, na hakukuacha ulisahau hilo. Wa tatu wao aliitwa Padri. Upadri wenyewe hakuwa nao. Ni kwamba mashine ikigoma wenzake hutoa matusi, yeye hufumba macho na kunyamaza. Watatu hao walikaa meza moja ndefu, bega kwa bega, miaka nenda miaka rudi.

Sasa jioni. Jamani, jioni zile!

Kazi ikiisha hawakukimbilia nyumbani. Nyuma ya jengo palikuwa na ngazi za chuma, zinapanda hadi juu ya paa, kwenye matangi ya maji. Huko walikuwa na boksi la printa iliyokufa zamani, hiyo ndiyo meza, na ndoo za rangi zilizopinduliwa, hivyo ndivyo viti. Kaka Mkubwa anatoa karata kwenye mfuko wa shati, karata zilizochakaa mpaka unaweza kumtambua mfalme wa kopa kwa mgongo. Sheria ilikuwa moja tu: kazi haitajwi. Ukitaja hitilafu, ukimtaja bosi, hata ukisema tu neno "hospitali", unashuka ngazi zote kuwaletea wenzako chai. Padri alishuka mpaka akapungua kilo. Maskini, neno lilikuwa linamponyoka. Mchezo umekolea, turufu ziko mezani, mara anaruka, "Nimejua! Ile orodha tunaisoma kinyumenyume!"

"Chai!" wenzake wanapiga kelele kwa pamoja.

Na Kaka Mkubwa alikuwa mwizi. Sikufichi, mwizi wa mchana kweupe, asiye na haya wala soni. Turufu iko chini ya paja, jike la shupaza limechomekwa kwenye soksi. Wakimkamata anaapa kwa viapo vyote, anawataja marehemu wa ukoo wake, anasema upepo ndio ulioisukuma. Nukta anampekua, kicheko kimembana mbavu, karata zinaanguka. Hapo hakuna mshindi tena: zinachanganywa upya, mchezo unaanza mwanzo. Wakija kushuka, taa za barabarani zinawaka, na Nukta kichwa ni chepesi. Akifika nyumbani amefika kweli. Anajua chumvi ipo au haipo.

Mke wa Kaka Mkubwa alipofariki, wenzake walidhani jioni zile zimekufa naye. Wapi! Siku aliyorudi kazini hakusema mengi, lakini ilipofika jioni ndiye aliyetangulia kupanda ngazi. Akagawa karata. Akaiba kuliko alivyowahi kuiba. Padri na Nukta wakatazamana, wakafurahi kwamba mwenzao anapona.

Kisha kampuni ikaamua jengo halina haja, kila mtu afanye kazi akiwa kwake. Kaka Mkubwa umri ulikuwa umeshafika, akastaafu. Kwa Nukta, wiki za mwanzo zilikuwa raha tupu: hakuna foleni, hakuna kuvaa viatu. Halafu akaanza kuona ubaya wake. Alikuwa anafunga kompyuta kwenye meza ya jikoni, anageuka, na yuko nyumbani tayari. Hakuna ngazi, hakuna paa, kichwa hakikupewa nafasi ya kushuka. Watoto wakawa wanaambiwa "hajafika" na yeye yuko mbele yao, ameshika mwiko.

Kaka Mkubwa alikuwa anapiga simu. "Wadogo zangu, karata lini?"

"Wiki hii nimebanwa, Kaka."

"Haya. Ijayo basi."

Ijayo Padri ndiye aliyebanwa. Na Nukta aliumia, msidhani hakuumia. Aliijua ile nyumba, na sebule yake yenye viti vingi na mtu mmoja. Alijua kwamba wasipofanya kitu, yule mzee ataozea kwenye kiti mbele ya televisheni. Akampigia Padri, na Padri, kwa upole wake wote, akaja na wazo lililomfanya Nukta apige makofi peke yake jikoni: wamtengenezee Kaka Mkubwa mchezo wa karata kwenye kompyuta. Kila mtu akae kwake, wacheze kila jioni kama zamani!

Hebu niambieni, ni watu gani wengine chini ya jua wanaochoshwa na kazi kutwa nzima, kisha wakapumzika kwa kazi ile ile? Mshonaji akirudi nyumbani hajishonei suruali ajiburudishe. Lakini hawa wawili, lo, walinoga! Wakifunga kazi ya mwajiri, wanafungua ya karata. Padri alitaka kivuli cha karata kianguke upande ambao taa haipo. Nukta alitaka zichanganywe kwa haki, asitokee mtu wa kupewa turufu tatu mfululizo. Waliitana kwenye simu, wakabishana, wakacheka, wakafuta, wakaanza tena. Kusema kweli Nukta alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu washuke paani.

"Imeiva?" Kaka Mkubwa anauliza.

"Bado kidogo, Kaka. Sura za wafalme hazijapendeza."

"Mimi nimeshawahi kuangalia sura ya mfalme?"

"Vumilia, Kaka. Tunataka uione ikiwa imekamilika."

Akavumilia. Mvua zikanyesha, zikakatika. Katika muda wote huo, hakuna hata mmoja wao aliyecheza karata.

Siku ikafika, wakacheza. Mchezo ulikuwa mzuri mno, sina la kuutoa kasoro. Karata zinateleza, zinapinduka, sharubu za mfalme zinahesabika moja moja. Ukitaka kutupa karata isiyo halali, mashine inakukatalia kwa adabu. Hakuna paja, hakuna soksi. Raundi tatu zikaisha upesi, kwenye kioo ikatokea: "Padri ameshinda." 

"Safi sana," Kaka Mkubwa akasema kwenye simu. "Kazi nzuri, wadogo zangu."

Hapo Nukta alipaswa kushtuka. Kaka Mkubwa hakuwahi kumsifu mtu kwa adabu maishani mwake. Akaja jioni ya pili, na ya tatu, anacheza kimya, anashukuru, anaondoka. Kisha hakuja tena.

"Nimeelewa tatizo," Padri akasema kwenye simu, sauti imejaa matumaini. "Hawezi kuiba. Tuongeze sehemu ya kuibia. Unabonyeza hapa, karata inafichika, na mwenzako akibonyeza pale, anakukamata. Wiki mbili tu, Nukta."

Na Nukta, msicheke, aliliona wazo zuri! Jumapili akatia kompyuta kwenye mkoba, akaenda kwa Kaka Mkubwa kumwuliza angependa kuiba vipi, ili waandike vizuri.

Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni makabati yametolewa droo, mabunda ya nguo yamefungwa kamba, na binti yake Kaka Mkubwa, yule anayeishi mji mwingine, anafunga sahani kwa magazeti.

"Shangazi! Bora umekuja. Tunaondoka leo, baba anahamia kwangu." Akainuka, akajifuta mikono. "Nilimtaka aje tangu mwanzo wa mwaka. Akakataa katakata. Kila nikipiga simu, ananiambia subiri, wadogo zangu wananitengenezea karata."

 Nukta akakaa juu ya bunda la nguo, mkoba mapajani. Kaka Mkubwa akatoka chumbani, tumbo limepungua, amevaa shati la safari.

"Umekuja na dude lako," akasema, akiutazama mkoba.

"Kaka, kwa nini hukutuambia mchezo hukuupenda? Tungerekebisha."

"Nani amesema sikuupenda? Mzuri." Akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Wewe, mtu wa kuona nukta. Hukuwahi kujiuliza kwa nini mwizi wa kila siku hashindi hata siku moja?"

 Kweli, Nukta hakumbuki Kaka Mkubwa ameshinda hata mara moja.

"Zamani niliiba kwa raha zangu tu. Lakini mama yao alipoondoka, niliiba ili mnikamate. Mkinikamata tunaanza upya. Tukianza upya, giza linaingia, nikifika hapa nalala moja kwa moja. Nilikuwa naiogopa ile saa ya katikati, mdogo wangu. Saa ya kukaa tu." Akatazama viti vyake. "Sasa mmenitengenezea mchezo unaoisha haraka, tena ukiisha niko hapa hapa."

"Tulitaka kukufurahisha, Kaka." Machozi yalikuwa yameshamfika Nukta.

"Najua. Ndiyo maana nilisubiri." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata Nukta maini. "Lakini karata mimi nilikuwa nazo. Mngekuja tu."

Nukta alilia, akalia kweli, mbele ya binti wa watu. Kisha akampigia Padri, akamwambia maneno mawili: njoo sasa. Padri akafika anahema, fulana ameivaa nje ndani, wakacheza juu ya sanduku la vyombo hadi gari likajaa. Waligombana, walitukanana, Padri alitaja kazi, akasema "seva", na hakukuwa na birika la kumtuma chai, lilikuwa limeshafungwa. Binti alichungulia mara mbili, akaona baba yake anacheka mpaka kikohozi, akarudi kukaa kwenye gari.

Walipoagana, Nukta alimshika mzee mkono. "Tutakuja kukuona, Kaka. Tukipata nafasi tu."

"Usiniahidi," Kaka Mkubwa akasema. Akapanda, akafunga mlango, gari likaondoka.

Wawili hao wakabaki barabarani. Wakatembea. Padri, kwa kuwa ni Padri, akaanza taratibu kwamba angeweza kuandika kitu kidogo, kinaangalia ratiba zao wote watatu, kinatafuta siku ambayo kila mtu ana nafasi, halafu kinawatumia...

Nukta alikuwa ameshakata kona kuelekea kituo cha mabasi. Padri akamfuata mbio mbio. Kwenye dirisha la tiketi, yule mama aliyekuwa ndani akawauliza wanasafiri lini. Padri akatoa simu, akaanza kuperuzi kazi zake za mwezi mzima.

"Jumamosi hii," Nukta akasema. "Viti viwili."