Togwa Huonjwa na Aliyeileta

Leo nimekwenda kijiji cha Busi kutafuta wagonjwa wa moyo. Wa kwanza kupatikana ni mimi.

Utafiti wetu ni wa dawa za watu ambao mlango wa moyo unavuja.

Bibi mmoja alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nikamsomea fomu ya ridhaa mara tatu. "Bibi, ni hiari. Unaweza kujitoa wakati wowote."

Akaniuliza: "Mjukuu wangu, kwenu anayekaribisha wageni togwa haonji kwanza yeye?"



Nikavua shati, nikalala nipimwe kwanza mimi. Daktari mwenzangu akanipaka jeli, akawageukia watu na kuwaonyesha kwenye mashine: "Huu hapa ni moyo mzi..."

Akapima upya.

Jamani, daktari akipima upya bila kusema neno, mnajua.

Unavuja. Mpira marufuku mpaka nikapimwe hospitali kubwa. Na mimi ndiye beki wa kila Jumamosi!

Bibi akanishika mkono, akanituliza: "Usiogope, mjukuu wangu. Unaweza kujitoa wakati wowote."

Wanatimu wenzangu wa Chimwaga, Jumamosi nimejitoa. Huko angalau inawezekana.

Nani anakaa beki?