Matumbo ya Kaburi

Juzi vijana wa mieleka walipita na ngoma juu ya gari la kamioneti, wamejipaka majivu usoni, na harufu ya muchana mumoja wa utoto wangu ikanirudia puani.

Ilikuwa wakati wa vita. Njia zote za kuingia muji wetu wa Kindu zilifungwa, na nyumbani tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta wala chumvi. Mimi na dada yangu mudogo tulienda kumuona Kaburi, mupiga mieleka ya uchawi aliyeogopwa kuliko wote. Alimulaza mupinzani wake chini, akaingiza mukono ndani ya shati la yule mupinzani, akavuta matumbo yenye damu. Watu wakapiga kelele. Mimi nilijua muntu amekufa.

Kisha, nyuma ya uwanja, tulimukuta Kaburi anapika matumbo yale yale. Yalinukia vitunguu.

"Watoto, mukuje mukule!"

Dada yangu akanyoosha mukono. Nikaupiga kofi.

"Usikule! Njo matumbo ya muntu!"

Kaburi alicheka mpaka akakaa chini. "Ee marehemu, kuja hapa, unatafutwa!"

Yule aliyekufa akatokea, akafungua shati. "Angalia, papa mudogo. Tumbo yangu iko. Hii njo matumbo ya mbuzi wangu wa mwisho."

Tulikula, mimi na dada yangu na watoto wote waliokuwa pale, mpaka vidole vikang'aa mafuta.

Leo niko na maduka matatu, na shule ya musingi sikuimaliza. Kindu nzima inajua hakuna muntu wa kunidanganya. Wale wawili tu njo waliniweza, na siku ile wao walikunywa tu muchuzi uliobaki, nyama yote walituachia watoto.