Mirija Iliyohama Chungu Changu

Unga wa mahindi uliochachuka, ukikaangwa juu ya bati, hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Mkate unaoungua unaikaribia, ila mkate hauna ule uchachu unaopanda puani na kukaa huko hadi kesho yake. Nyumbani kwa bibi yangu, kule Nyamasaria, harufu hiyo ndiyo iliyotuamsha asubuhi likizo nzima ya Desemba, katika miaka ya themanini, wakati Nyamasaria ilikuwa bado na ng'ombe wengi kuliko maduka. Bibi, ambaye wajukuu wote tulimwita Dani, alipika busaa. Mama yake aliipika, na mama wa mama yake pia, na majirani wote walijua kwamba busaa ya pale haiumizi kichwa. Hata askari wa chifu, aliyepita mchana kutukumbusha kwamba pombe ya kienyeji ni marufuku, alirudi jioni bila kofia, akaketi na wengine.

Nilitaka kukaa kando ya lile bati. Nilitaka kuushika mwiko mrefu na kuugeuza unga polepole hadi uwe na rangi ya udongo mkavu, moshi ukinitoa machozi, Dani akiwa karibu. Lakini Mungu alinipa mdomo. Nikiwa na miaka kumi na minne niliweza kusimama mbele ya mwenye kuuza nafaka ya wimbi kule sokoni Kibuye, nikachota kidogo kiganjani, nikaguna, nikaanza kuondoka, na kabla sijaenda mbali akaniita. Gorogoro, yale makopo ya kupimia nafaka, nilizihesabu zikimiminwa, nikazihesabu tena nyumbani, maana kuna watu wanaojaza gorogoro kwa kidole gumba. Dani alijivunia kipaji hicho mbele ya wageni. "Huyu Awuor," alisema, "mtume akanunue jua, atarudi na jua na mwezi wa kuongezewa." Wageni walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kila nilipomaliza kusifiwa nilitumwa tena sokoni, na aliyebaki jikoni ni Akinyi.

Akinyi alikuwa binti wa baba yangu mdogo, rika langu, mtoto ambaye sokoni angelipa bei ya kwanza na kusema asante. Nilimwonea wivu, na sioni haja ya kuupamba. Niliionea wivu kanga yake iliyotobolewa na cheche. Niliuonea wivu mnong'ono wake na Dani juu ya kimea, yaani wimbi iliyooteshwa gizani, ikaanikwa na kusagwa, ambayo ndiyo inayoutia unga uhai. Dani alikuwa akipeleka mkono ndani ya gunia la kimea taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa, kisha anauchukua mkono wa Akinyi na kuupeleka palepale. Mimi nikiingia tu mnong'ono unakatika. "Umerudi, mama? Haya, chumvi nayo imeisha."

Likizo ya umri huo wa miaka kumi na minne, wakwe wa shangazi yetu walitarajiwa kuleta ng'ombe wa mahari, na siku chache kabla ya kupika, Dani akaungua mkono. Akaamua tupike sisi wawili, kila mmoja chungu chake, yeye akiwa ameketi kwenye kigoda akituangalia. "Wazee ndio wataamua," akasema. "Chungu kitakachopendwa, mwenyewe atakaa nami jikoni. Mwingine atatuletea wimbi. Na sitaki mtu wa kununa." Nikaanza kununa hapohapo, ila kwa ndani.

Nilipika kama mtu anayefanya mtihani. Vikombe vya unga nilivihesabu mara mbili, kimea mara mbili, maji mara mbili. Niligeuza unga hadi bati lote likawa na rangi moja. Akinyi alichota kwa mkono, akanusa, akaongeza kidogo, akanusa tena, akatoa unga wake motoni kabla ya wangu, akaenda kulala. Nilimhurumia.

Pombe ilipokwisha kuchachuka na wageni kufika, vyungu viwili viliwekwa katikati, maji ya moto yakaongezwa, na wazee wakaketi duara, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio cha kusukwa mwishoni. Waligawana nusu kwa nusu, hawa kwangu, hawa kwa Akinyi. Ubaya wa mrija mrefu ni kwamba mtu hahitaji hata kusimama ili akukimbie. Mzee mmoja wa upande wa wakwe alivuta kwenye chungu changu, akatazama angani, akasema, "Hii imepikwa vizuri." Kisha akauinua mrija wake, ukichuruzika, akauchomeka katika chungu cha Akinyi.

"Mzee, unahama boma?" jirani yake akamtania.

"Nasalimia tu upande wa pili."

Hakurudi kutoka kwenye hizo salamu. Jirani yake naye akaenda kusalimia, na wa tatu, hadi chungu changu kikabaki na mrija mmoja. Yule mzee aliyebaki nilimpenda kuliko babu yangu mzazi. Nilikimbia kumwongezea maji ya moto, na nilipoinama ndipo mrija ukamteleza mdomoni, nikaona kwamba amelala.

Dani alikuja, akachovya kidole chunguni mwangu, akalamba. "Haina kosa," akasema. Akakipangusa kidole. "Na haina raha. Kesho uende Kibuye mapema." Nilikwenda. Mwenye wimbi alinitajia bei nami nikalipa bila neno. Alishtuka hadi akaniuliza kama nyumbani kuna msiba.

Dani alifariki miaka ya tisini, vyungu vikageuzwa vifudifudi nyuma ya nyumba, na Akinyi akaolewa kule Luanda Kotieno, kando ya ziwa. Mimi nilifungua duka la jumla la soda na bia mtaani Nyalenda, nikajiambia kwamba chupa ni safi zaidi. Mwaka juzi nikasikia kwamba Akinyi anapika tena, na kwamba vijana wa Nairobi wakisubiri feri ya Mbita huenda kwake kuonja busaa na kuipiga picha. Nikaenda na maneno yangu tayari: yeye apike, mimi nisambaze. Akaniwekea glasi mezani. Nikanywa, na maneno yote yakapotea.

Zamani wivu wangu ulikuwa wa kitoto: nilitaka nafasi ya mtu karibu na moto, na niliamini kwamba mwaka mwingine ningeipata. Sasa nina duka lenye milango miwili, na sura ya Dani inaanza kunitoroka; picha yake tuliyonayo ni moja, na humo ameangalia pembeni. Katika glasi ya Akinyi, Dani alikuwa mzima, joto lake na ukali wake, mdomoni mwangu. Akinyi hukutana naye kila wiki. Mimi inabidi nipande gari, nikaombe.

"Imekuwaje, Mama Omondi?" akaniuliza.

"Imezidi uchachu kidogo."

"Pole. Basi lete niimwage."

Nikaikumbatia glasi kwa mikono yote miwili.