Ndoyi wa Minova

Kwa mujibu wa mashine yetu, friji ya Minova ilikuwa imejaa chanjo hadi mlangoni. Kwenye fonia, redio yetu ya kuzungumza na zahanati, asubuhi hiyohiyo, muuguzi wa Minova alikuwa akituambia kwamba ndani ya friji hiyo hamna kitu isipokuwa chupa yake ya maji ya kunywa.

"Mumuulize iyo mashini yenu," alisema. "Kama iko inaona chanjo, ije ituonyeshe na sisi."

Mwenzangu wa fonia, mtu wa Mwenga ambaye hakuacha utani umpite, alinigeukia kabla hata ya kujibu. "Maman Mashini, umesikia? Uipandishe mu bateau, ivuke ziwa, iende kuchanja batoto."

Sikucheka. Ilikuwa Jumatano, na Ijumaa wageni walikuwa wanafika kutoka Kinshasa kuamua kama mashine itabaki Bukavu au itapelekwa Goma, ambako, tulisikia, chumba chake kilikuwa kimeshapakwa rangi.

Mashine, yaani kompyuta, ilitufikia katika miaka ya mwisho ya Zaire, wakati wanaume walipoanza tena kuvaa kravati, tai zilizokuwa zimepigwa marufuku, bila kutazama nyuma. Ofisi yetu ilikuwa ya huduma ya afya ya kanisa moja, na kazi yake ilikuwa kusambaza chanjo katika zahanati za mkoa. Direkta ndiye aliyeiomba mashine, na ndiye aliyenichagua mimi, mpiga taipu wa ofisi, niifundishe kazi. Alinikabidhi fotokopi nene ya maelezo ya lugha ya kuandikia amri, lugha ambayo mashine huisoma mstari baada ya mstari na kuitii. Nilijifunza kwa miezi. Mashine ikienda Goma, mimi nilikuwa narudi kwenye taipureta.

Direkta, kama watu wengi wa umri wake, alikuwa na majina mawili. Alibatizwa kwa moja. Serikali ilipopiga marufuku majina ya ubatizo, wakati wa Authenticité, ile siasa ya kurudi kwenye asili, alichukua jina la babu yake, na hilo ndilo lililopigiliwa mlangoni pake. Sasa marufuku yalikuwa yameondolewa, na kanisani alikuwa amerudia la kwanza. Ofisini kila mtu alimwita alivyozoea. Ungemwita lolote kati ya hayo mawili, aliyeinua kichwa ni yuleyule, na abakosti ileile ya kahawia, koti lisilovaliwa na tai.

Programu yangu ilikuwa hivi. Kila zahanati ilikuwa na kigeu chake, yaani jina ambalo chini yake mashine inatunza idadi ya dozi zilizobaki: minova, luhwindja, luberizi na mengine. Hesabu ya kutoa ilikuwa moja kwa zote, nami sikutaka kuiandika upya kwa kila zahanati. Niliiandika mara moja tu, kwa jina la jumla: zone, yaani eneo. Muuguzi wa Minova akitoa taarifa, mashine iifanye zone kuwa minova, itoe dozi zilizotumika, ionyeshe zilizobaki. Kesho yake zone ingekuwa luberizi.

Nilipojaribu mara ya kwanza, kiooni palitokea idadi sahihi. Nilimwita direkta, akapiga makofi. Kumbe kilichoonyeshwa ni zone, si minova. Jedwali kubwa, lile la kuamua nani apelekewe nini, lilisoma minova yenyewe, na minova haikuwa imeguswa. Kwa jedwali, hakuna mtoto aliyewahi kuchanjwa katika Kivu ya Kusini nzima.

Jumatano ile niliisoma programu kuanzia juu hadi chini na sikuona kosa. Mstari ulisema wazi kwamba zone ni sawa na minova. Adhuhuri nilipanda mtaa wa Kadutu kula kwa mama yangu, nikiwa na karatasi mkobani.

Dada yangu alikuwepo na binti yake mdogo, aliyepewa jina la mama. Kwetu mtu aliyepewa jina lako ni ndoyi wako, na heshima yako inamfuata. Kwa hiyo sote, pamoja na mimi, mama yake mdogo, tulimwita mtoto yule "maman", na nyama ya kwanza iliwekwa kwake. Siku hiyo alimaliza sahani mbili za sombe, majani ya muhogo.

"Maman ameshiba," dada yangu alisema, akianza kuondoa vyombo.

"Maman gani?" Mama alikuwa ndiyo kwanza anatoka jikoni, mikono ingali na unga. "Ndoyi yangu amekula. Tumbo yangu iko wazi. Rudisha iyo sahani, weye."

Dada alicheka hadi akakaa. Mimi nilitoa karatasi mkobani.

Hapo ndipo nilipoona. Nilikuwa nimeifanya zone kuwa ndoyi wa minova. Mstari wangu ulichukua idadi ya Minova, ukampa zone idadi kama hiyo, kisha kila mmoja akaenda zake na tumbo lake. Zone alikula na kupungua, minova alibaki kama alivyokuwa. Na mimi sikuhitaji ndoyi. Nilihitaji kitu kama direkta: mtu mmoja, majina mawili, ambaye ukimgusa kwa jina hili umemgusa pia kwa lile.

Sasa nilijua ninachokitafuta. Jioni haikuwa imeingia nilipokipata kwenye fotokopi, katika ukurasa niliokuwa nimeuruka kwa sababu ulijaa alama. Ilitosha kuweka nyota mbele ya majina yote mawili:

*zone = *minova

Kuanzia mstari huo, zone haikuwa na idadi yake yenyewe. Ilikuwa jina jingine la minova. Nilitoa dozi kumi kwa zone, kisha nikaiuliza mashine kuhusu minova. Kumi zilikuwa zimetoka. Niliongeza kwa minova, nikaiuliza zone. Zimeongezeka. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu.

Ijumaa wageni walikuwa wawili. Mkubwa wao hakutaka hotuba. "Chagua zahanati, wewe," alimwambia mwenzake, naye akachagua Luberizi. Mtu wetu wa fonia akaiita Luberizi papo hapo, muuguzi akatoa taarifa yake ya asubuhi, mimi nikaandika. Jedwali kubwa likapungua mbele ya macho yao. Mgeni akaomba Luhwindja, ikapungua Luhwindja peke yake. Akaomba Minova.

"Minova," alisema mtu wa fonia kwenye kipaza sauti, "utujulishe. Mashini sasa iko na njaa kama batu."

"Ni vizuri," Minova ikajibu. "Basi itume chakula."

Mgeni mkubwa alisema neno moja la Kilingala, "Malamu," yaani vizuri, akafunga mkoba wake. Mashine ilibaki. Chumba cha Goma, naambiwa, kilifanywa stoo. Direkta alinishika mkono mbele ya wote, na taipureta ikapewa mtu mwingine wiki iliyofuata.

Wageni waliacha sharti moja. Ubavuni mwa mashine walibandika karatasi ngumu yenye neno "Responsable" na nafasi ya jina la mtu atakayejibu kwa ajili yake. Direkta alitoa kalamu, akainama, akaishikilia juu ya nafasi ile bila kuandika.

"Papa, andika lolote kati ya yale mawili," nilimwambia. "Iko mutu mumoja."

"Kwa mashini yako, ndiyo." Aliirudisha kalamu mfukoni. "Kwa batu, sijue."

Nilifanya kazi na mashine ile hadi nilipohama ofisi. Siku niliyoondoka karatasi ilikuwa bado ubavuni, na mbele ya neno lile hapakuwa na jina.