Yule Kuchi wa Binti Yangu

Binti yangu alikuwa na kuku wa kuchi, mrefu, shingo juu, anatembea kama askari aliyekatazwa kucheka. Mafuriko yalipoingia Kilelengwani kuku akafa maji, lakini mayai yake binti aliyaokoa ndani ya sufuria. Kwenye mtumbwi kaipakata ile sufuria kama mtoto. Tulipofika Tarasaa, jirani mmoja kuku wake alikuwa ameanza kulalia, akatukubalia tuyachanganye. Mayai ya mgeni hutiwa alama ya mkaa. Binti akazitia mwenyewe. Hata hayajaanguliwa, homa ikamchukua. Tukamzika huko huko, kwetu bado maji.

Yule kuku akayageuzageuza mayai mpaka mkaa wote ukafutika. Vifaranga wakatoka wote manjano. Wa binti yangu ni yupi?

Jirani, na kile kisauti chake cha mlango usiotiwa mafuta: "Bibi, chagua tuu, wote wazuriii!"

Mwenye duka, Msomali, akapita. Huyo mimi humwiga mpaka mkewe anacheka: "Wallahi mama, kuku ni kuku. Ndani ya mchuzi nani anauliza kabila?"

Nikamjibu, "Na wewe nikikutia mchuzini?"

Tukacheka, machozi yananishuka.

Sikuchagua. Kuchi humjui siku ya kwanza. Utazame miguu, minene, mirefu. Upanga wa kichwani si msumeno, ni kama punje imelala. Na manyoya humchelewea: wenzake wamevaa, yeye bado mgongo wazi. Basi kila asubuhi nikawa naenda, nawashika mmoja mmoja.

Wakavaa. Wote wakavaa mapema, vichwani misumeno, miguu ya kawaida.

Siku moja jirani akaja mbio, kamkumbatia mmoja. "Bibi! Huyu hapa yuko uchi! Ndiye!"

Nikamgeuza. Shingo uchi, mgongo umevaa.

"Huyu ni kishingo, mwanangu."

"Labda atabadilika, Bibi."

"Habadiliki. Yale mayai yaliyoharibika, yasiyoanguliwa, uliyatupa wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu, huko mtoni.

Basi nikajua ya binti yangu yalikwenda na hayo. Akanisukumia kifaranga mkononi, "Mchukue tu huyu, jamani, mchukue," naye mwenyewe analia. Kifaranga alikuwa na joto, moyo unampiga kidoleni pangu. Uani kuku alikuwa anazunguka, anaita.

Nikamwambia, "Mrudishe kwa mama yake. Humsikii anavyomtafuta?"