Kona za Barabara ya Nyakorebe

Felix wa bodaboda alikata kona ya kumi na moja, na Robi akaihesabu. Kwenye ramani aliyokuwa nayo mkobani, ramani aliyoichora mwenyewe, barabara hii ilikuwa mistari sita tu iliyonyooka.

"Kaka Felix, huko mbele inanyooka?"

"Inyooke wapi, dada! Barabara hii ilipimwa na ng'ombe mlevi."

Robi hakucheka. Aliendelea kuhesabu.

Robi Mseti alikuwa na miaka ishirini na sita, mtu wa vitabu na kompyuta. Chuoni aliwahi kukubali sifuri kuliko kusimama mbele ya darasa. Sasa alikuwa na mkataba wa miezi sita wa kuchora ramani za halmashauri. Kata moja kubwa huku Tarime ilikuwa inagawanywa, kila upande upate diwani wake, na kamati haikutaka kata yenye mikia. Kwa hiyo Robi alipima. Unachukua urefu wa mpaka wote, unaufanya duara, halafu unaangalia kata yako inajaza kiasi gani cha duara hilo. Iliyojikusanya inajaza sana. Yenye mikia na pembe inajaza kidogo.

Mpaka ukifuata mto, kata ya kusini ilijaza asilimia kumi na tisa. Ukifuata barabara, hamsini na mbili. Kamati ikachagua barabara. Kitongoji cha Nyakorebe, kilichoko kati ya barabara na mto, kikapewa kata ya ng'ambo ya mto, ambako masika hakufikiki.

Ni sasa tu, vumbi likimjaa mdomoni, alipoona alichofanya. Mto aliufuata kwenye picha ya satelaiti mkunjo kwa mkunjo, siku tatu nzima. Barabara aliichora Ijumaa moja akiwa na haraka, akasema atairudia. Hakuirudia. Mto uliadhibiwa kwa sababu aliuchora vizuri: kila mkunjo ulirefusha mpaka na kushusha asilimia.

Mkutano ulikuwa ndani ya darasa la shule. Mzee Nchagwa, mwenyekiti wa kamati, alishaweka muhtasari mezani, na mhuri pembeni.

Mama Bhoke wa Nyakorebe alisimama. "Ofisi ya kata itakuwa ng'ambo. Mto ukijaa, sisi twende na nini? Hiyo asilimia yenu inajua kuogelea?"

Watu wakaangua kicheko.

"Bhoke, kaa chini. Hii ni sayansi," alisema Mzee Nchagwa. "Binti yetu amesomea. Binti, waambie kama hesabu ni sahihi, tugonge mhuri."

Neno moja tu, ndiyo, na angekaa. Badala ya kujibu, Robi alitoka nje karibu akimbie, watu wakaguna. Alirudi na Felix pamoja na kamba yake ya kufungia mizigo.

Aliilaza kamba sakafuni, imenyooka, kutoka mlangoni hadi chini ya ubao. "Hivi ndivyo nilivyoichora barabara," alisema kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu!" mtu alifoka kutoka nyuma.

"Felix, ilaze kama unavyoiendesha."

Felix akainama, akaipinda kona baada ya kona kuelekea ubaoni. Haikufika hata nusu ya chumba.

"Imeisha," alisema.

"Nimehesabu kona ishirini na tatu. Kwenye ramani sikuziweka. Za mto niliziweka zote." "Nimekosea mimi. Namba hizo mbili hazilinganishwi."

Mzee Nchagwa alivua miwani.

"Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwezi ujao. Shikamoo, mzee." Alikuwa ameshamwamkia asubuhi.

"Marahaba." Akaurudisha mhuri mfukoni, taratibu. "Wiki mbili. Upime upya."

Nje, Mama Bhoke alimkamata mkono. "Na ukipima upya, mto ukashindwa tena?"

Robi alitamani kumwambia hautashindwa. Hakujua.

"Nitaleta namba itakayotoka, hivyo hivyo, mama."

Mama Bhoke akauachia mkono.

Robi alipanda pikipiki, akawasha GPS kwenye simu.

"Twende, kaka Felix. Kila kona usimame."